Kiingereza cha Kuombea Maji na Kiingereza cha Chuo

Insha yangu ya kwanza chuoni ilirudi na alama ambazo sikuzoea kuziona kwenye karatasi yenye jina langu. Swali lilihusu vijana kuhamia mijini. Nilikuwa nimefanya kila nilichofundishwa tangu kidato cha tatu: utangulizi unaotoa maana ya uhamaji, pointi sita, kila pointi na aya yake na mfano wake, kisha hitimisho linaloanza kwa "In conclusion". Sarufi ilikuwa safi, mhadhiri hakuigusa hata mara moja. Alichoandika pembeni mwa pointi ya kwanza, halafu ya tatu, halafu ya sita, ni maneno mawili: "So what?" Kwa Kiswahili chetu: kwa hiyo?

Nilikasirika. Nilidhani anadharau Kiingereza changu. Miaka ilipita, nikaja kuongoza semina za mwaka wa kwanza mimi mwenyewe, nikajikuta nimeshika kalamu nyekundu nataka kuandika maneno yaleyale. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hiki kinachoitwa Kiingereza cha kitaaluma ni kitu gani hasa, na kwa nini mtu anaweza kuwa na Kiingereza kizuri tu na bado kikamshinda.

Tuanzie tulikotoka. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika karibu shule zote za msingi za serikali Tanzania Bara, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Mtoto akivuka kwenda kidato cha kwanza, jiografia, biolojia na kemia vyote vinageuka Kiingereza kwa pamoja, kama mtu aliyebadilishiwa chaneli bila kuulizwa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza mfumo wa elimu, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na juu zaidi, serikali haikuafiki. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona hakitoshi kusomea masomo mengine. Mjadala huo haujaisha na sitaumaliza hapa. Ninachotaka tukione ni kile kinachotokea darasani wakati mjadala ukiendelea: mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza ili mtihani ufauliwe, na mwanafunzi anakariri notisi. Kinachomfikisha chuoni, mara nyingi, ni kumbukumbu nzuri.

Hapo kuna jambo linalochanganya watu. Tunasema "Kiingereza cha kuombea maji" kwa mtu mwenye maneno machache ya kujikimu. Wanafunzi ninaowazungumzia hawako huko. Wanaangalia filamu bila kusoma maandishi ya chini, wanachati, wakikutana na mtalii wanamwaga ung'eng'e mpaka mtalii anaomba mapumziko. Mpe huyohuyo makala ya kurasa kumi na mbili kuhusu sera ya ardhi, ataisoma aya ya kwanza mara nne.

Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alilitenganisha jambo hili mwaka 1979. Alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kusomea na kuandikia elimu. Kwa watoto wa wahamiaji, ile ya kwanza ilipatikana kwa takriban miaka miwili. Ya pili ilihitaji miaka mitano hadi saba kabla hawajawafikia wenzao waliozaliwa katika lugha hiyo. Sababu yake si ngumu. Mazungumzo yana wasaidizi wengi: uso, mikono, sauti, na kitu chenyewe kipo mbele yenu. Ukimwambia muuza maji wa stendi "hii, baridi", umeeleweka. Karatasi haina uso wala mikono, kwa hiyo kila kitu lazima kibebwe na maneno yenyewe.

Na maneno yenyewe yanatoka ghala tofauti. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na Kilatini kikabaki kuwa lugha ya kanisa na wasomi kwa karne nyingi. Ndiyo maana Kiingereza kina "ask" la nyumbani, "question" lililokuja na Kifaransa, na "interrogate" la Kilatini. Sisi tunalijua jambo hili kwa lugha yetu. Mama anauliza bei ya nyanya, polisi anahoji mtuhumiwa, jopo linasaili waombaji kazi. Hakuna aliyejifunza neno "saili" gengeni. Alilikuta kwenye barua au tangazo la kazi, kwa sababu huko ndiko linakoishi.

Habari njema ni kwamba maneno ya ghala hilo yanahesabika. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoyachambua kutoka kwenye maandiko yenye jumla ya maneno kama milioni tatu na nusu, ya fani mbalimbali. Alipata koo 570 za maneno (ukoo ni neno moja na ndugu zake, kama "analyse", "analysis" na "analytical"), na koo hizo zilichukua karibu asilimia 10 ya maandiko hayo. Katika hadithi za kubuni hazikufika hata asilimia mbili. Kwa maneno mengine, unaweza kusoma riwaya za Kiingereza mwaka mzima na usikutane nayo vya kutosha. Ukijifunza koo kumi kwa wiki, unamaliza kwa mwaka mmoja na wiki chache. Orodha ipo mtandaoni, bure.

Ila tahadhari: tafsiri ya neno moja kwa neno moja itakuponza. "Significant" liko kwenye kundi la kwanza kabisa la orodha hiyo. Kamusi itakwambia ni "muhimu" au "kubwa". Andika "there was a significant difference" kwenye ripoti ya takwimu ukimaanisha tofauti ni kubwa, na msimamizi atakuuliza kipimo chako kiko wapi, kwa kuwa katika takwimu neno hilo linadai kwamba tofauti hiyo ni vigumu kuwa imetokea kwa bahati tu. Inaweza kuwa ndogo kama punje. Neno lijifunze pamoja na sentensi uliyolikuta ndani yake.

(Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura waliosomea Kifaransa wana bahati ambayo wengi wao hawaijui: "analyser", "évaluer", "hypothèse" tayari wanayo mfukoni. Wanachokosa ni yale maneno mafupimafupi ya Kiingereza, na mitego kama "actually", ambalo wanalidhania "actuellement". La Kifaransa ni "kwa sasa", la Kiingereza ni "kwa kweli".)

Msamiati, hata hivyo, ndio sehemu nyepesi. Niwaonyeshe pale ambapo watu wanakwama kwelikweli. Mwanafunzi mmoja wa masomo ya mazingira aliniletea sentensi hii: "Nowadays fish are finished in Lake Victoria because people are fishing too much." Aliniomba nimrekebishie Kiingereza. Nikamwambia tukiweke Kiingereza pembeni kwanza. Siku hizi samaki wameisha Ziwa Victoria kwa sababu watu wanavua mno. Haya. Samaki gani? Sangara. Wameisha? Hapana, wamepungua. Siku hizi ni tangu lini? Akanyamaza. Watu wanavua mno kwa kipimo gani? Akanyamaza tena. Na uvuvi ndio sababu pekee? Akasema hapana, kuna magugu maji, kuna maji machafu yanayoingia ziwani kutoka mijini na mashambani.

Baada ya dakika kumi tulikuwa na hii: uvuvi uliokithiri umechangia kupungua kwa sangara katika Ziwa Victoria. Ile "siku hizi" tuliiacha wazi mpaka aende kwenye ripoti za uvuvi akatafute kutoka mwaka gani hadi mwaka gani. Kuigeuza kuwa Kiingereza kulichukua dakika moja: "Overfishing has contributed to the decline of Nile perch stocks in Lake Victoria."

Hebu tuiangalie kwa karibu. "Watu wanavua" imekuwa "uvuvi". "Wameisha" imekuwa "kupungua kwa". Vitenzi vimegeuzwa majina. Wanaisimu, hasa Michael Halliday, wameeleza sana tabia hii ya Kiingereza cha sayansi, na wengi wanaona ni kujikweza tu. Ina kazi yake. Tukio likishafungwa ndani ya jina, unaweza kulibeba kwenda sentensi inayofuata: kupungua huko kumeathiri viwanda vya minofu Mwanza. Athari hizo nazo zimegusa ajira. Ni kama mzigo uliofungwa vizuri, unaweza kupakia mwingine juu yake bila kumwagika. Na sisi mashine ya kufungia mizigo hiyo tunayo tangu tuzaliwe: kuhama, uhamaji; kuharibu, uharibifu; kukosa, ukosefu. Kila anayesikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku amekutana na "ukosefu wa ajira umechangia ongezeko la uhalifu". Hiyo ni sentensi ya kitaaluma, iko sebuleni kwetu, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ndiyo ileile tunayotafuta kwa Kiingereza.

Wapo wanaoligundua hilo wakapitiliza. Insha inaanza kusomeka kama hukumu ya mahakama, kila sentensi mistari mitano, majina yamerundikana mpaka kitenzi hakionekani. Maneno mazito hayaongezi alama. Fungasha pale unapotaka kubeba. Kwingine sema watu walivua.

Kisha kuna lile neno "umechangia". Kwa nini hatukusema "umesababisha"? Kwa sababu hatukuwa na ushahidi wa kubeba neno hilo. Sekondari, mtu aliyesema "huenda" alionekana hajajiandaa. Chuoni uzito wa neno unapaswa kulingana na uzito wa ushahidi, kama mzani wa duka: ukiwa na nusu kilo ya data, usiweke jiwe la kilo mbili. Ndiyo kazi ya "may", "suggests", "appears to". Ni ndugu wa "huenda", "yaelekea" na "inaonekana", na mwandishi anayevitumia vizuri anamwambia msomaji wazi amefika wapi na amesimama wapi.

Sasa turudi kwenye ile "So what?"

Maswali ya mitihani yetu ya sekondari yana mdundo wake: "With vivid examples, discuss six causes of..." Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa kila pointi, kwa hiyo tunajifunza kuhesabu. Ni ufundi halali, umetuvusha wengi. Chuoni kitenzi hichohicho "discuss" kinataka kitu kingine: pima maelezo yaliyopo, onyesha yanapogongana, kisha useme wewe unasimama wapi na kwa nini. Pointi zangu sita za uhamaji zilikuwa kweli zote. Nilichokosa ni kusema ipi inazizidi nyingine, kwa nani, na kwa ushahidi gani. Niliweka matofali sita mezani nikaita nyumba.

Nadhani kuna kizuizi kingine, nacho ni cha malezi. Mwanafunzi akiona neno "critically" anaelewa "kosoa", na kumkosoa profesa aliyechapisha vitabu anaona ni utovu wa adabu. Basi anamnukuu, anamsifu, anapita. Lakini nani amehudhuria kikao cha kijiji, cha harusi au cha bunge bila kusikia: "Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, isipokuwa nina nyongeza"? Hapo mzungumzaji amempa mwenzake heshima yake, kisha ameweka tofauti yake bila kumvunjia mtu heshima. Kiingereza cha chuo kimejaa sentensi hiyohiyo, ikianza kwa "While" au "Although". Nilipoanza kuwaambia wanafunzi wangu waandike kwanza kama wako kikaoni, aya zao zilipata mgongo.

John Swales, aliyechunguza jinsi watafiti wanavyoanza makala zao, alionyesha mwaka 1990 kwamba utangulizi mwingi hupita hatua tatu: kueleza uwanja wenyewe, kuonyesha pengo, kisha kuingia kwenye pengo hilo. Mimi hufundisha kwa daladala. Ukipanda, kwanza unatazama nani ameketi wapi, kisha unaona siti iliyo wazi, kisha unaketi. Mwanafunzi wetu hupanda na kuketi palepale mlangoni, juu ya mapaja ya mtu. Ukitaka kuiona hatua hiyo ya pengo bila kupigana na Kiingereza wakati huohuo, chukua majarida ya Kiswahili na Mulika yanayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), soma utangulizi, tafuta mwandishi anapowataja waliomtangulia na anapoonyesha walichokiacha. Ukishamwona akifanya hivyo kwa Kiswahili, utamtambua pia akiwa amevaa Kiingereza.

Suala la kunakili linahitaji maneno yake. Tumelelewa kwenye vitini na madesa. Kurudisha maneno ya mwalimu yalivyo kumekuwa ndiyo heshima na ndiyo ufaulu. Halafu chuoni tendo lilelile linaitwa wizi wa kitaaluma, na programu kama Turnitin inakuchorea mistari ya rangi. Wanafunzi wengi hujaribu kukwepa kwa kubadilisha neno moja moja kwa kamusi ya visawe, na matokeo yake ni sentensi ambayo si ya mwandishi wa kwanza wala si ya Kiingereza. Njia niliyoona inafanya kazi ni hii: soma aya, funga kitabu, mweleze mwenzako wa chumbani kwa Kiswahili mwandishi amesema nini. Halafu andika kwa Kiingereza kile ulichomwambia mwenzako, fungua kitabu uhakikishe hukumsingizia mtu, na taja chanzo. Ukipita kwenye lugha nyingine, maneno ya mwandishi hayawezi kukufuata. Kinachovuka ni hoja. Mwenzetu anayejua Kiingereza pekee hana chujio hilo. Kuhusu akili mnemba, nitasema moja tu: ina uwezo wa kukuandikia sentensi laini zenye rejea za vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Kila chanzo itakachokupa, kitafute mwenyewe kabla hujakiweka kwenye kazi yako.

Anayetaka kusoma nje atadaiwa mtihani wa Kiingereza kama IELTS, wenye alama 0 hadi 9, na vyuo vingi huomba kati ya 6 na 7. Jiandae nao, lakini usiuchanganye na chuo chenyewe. Insha yake kubwa ni maneno 250 kwa dakika 40, maoni yako tu, bila rejea hata moja. Nimewaona watu wenye 7 wakitikiswa na insha yao ya kwanza ya maneno 2,000 yenye vyanzo kumi.

Sarufi nimeiacha mwisho makusudi, kwa kuwa ndiyo inayotuogopesha zaidi kuliko inavyostahili. Makosa yetu mengi yana asili moja, na ukiijua unayakamata kirahisi. Tunasema "kitabu ambacho nimekisoma", ile "ki" ikikirudia kitabu, kwa hiyo tunaandika "the book which I have read it". Futa "it". Tuna utafiti na tafiti, kwa hiyo tunaandika "researches"; tuna vifaa vingi, kwa hiyo "equipments". Kiingereza hayo hakiyahesabu. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo profesa mwanamke anaitwa "he" katikati ya aya. Na "the" haina mwenzake kwetu, nayo itaendelea kukusumbua hata ukiwa na shahada ya uzamivu. Msahihishaji mwenye akili hatakufelisha kwa ajili yake.

Karibu kila chuo chetu kina somo la lazima la stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza. Ninaloliona kuwa udhaifu wake ni hesabu: ukumbi una mamia ya watu na mwalimu mmoja, na uandishi haufundishiki bila mtu kusoma ulichoandika. Kwa hiyo mtafute msomaji wako. Si lazima ajue Kiingereza kukuzidi. Chuo Kikuu cha Manchester kinaweka mtandaoni, bure, hazina ya vifungu vya sentensi za kitaaluma vilivyopangwa kwa kazi zake: kutaja waliotangulia, kupinga, kukiri udhaifu wa data. Chukua vichache hivyo, andika aya moja, kisha isome kwa sauti mbele ya rafiki aliye fani nyingine kabisa. Mwombe akukatishe kila anapotaka kuuliza "kwa hiyo?" Wangu alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, kitanda cha juu, na kwenye insha yangu ya pili alinikatisha mara tisa kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza.